Rangi za nyumba Mitundu, Lilongwe na Dzaleka: ipi ya ndani, ipi ya nje, na nini cha kupakia

Lori la rangi linaloondoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika Lilongwe. Linapita Mbeya, linavuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, kisha linateremka na barabara ya M1 kupitia Karonga na Mzuzu. Mzigo ukiwa na rangi zisizofaa kuta za huku, hakuna njia rahisi ya kuurudisha. Mwenye duka hubaki na ndoo zinazoganda stoo, na mwenye nyumba aliyenunua hubaki na ukuta uliopauka kabla ya mwaka kwisha.

Makala haya yanaeleza rangi zinazofaa nje na ndani ya nyumba katika soko la Mitundu, jijini Lilongwe na katika kambi ya Dzaleka, na jinsi mfanyabiashara anavyoweza kupanga shehena yake kwa kufuata hilo.

Masoko matatu, wanunuzi watatu

Mitundu ni kituo cha biashara kusini mwa jiji la Lilongwe, katikati ya mashamba ya mahindi na tumbaku. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na bati. Mnunuzi wa huku hupata fedha kwa msimu. Masoko ya tumbaku hufunguliwa kwa kawaida karibu na Aprili, na miezi inayofuata ndiyo ya kujenga, kupiga lipu na kupaka rangi.

Lilongwe, mji mkuu wa Malawi tangu mwaka 1975, ina nyumba za kupangisha, ofisi na maduka. Mwenye nyumba ya kupangisha hutaka rangi ambayo mpangaji yeyote ataikubali, na ambayo itapatikana tena mpangaji huyo akihama.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini kwa takwimu za miaka ya karibuni inahifadhi zaidi ya 50,000. Wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya kawaida ya biashara hapo. Nyumba nyingi ni ndogo, za matofali mabichi, na madirisha yake ni machache.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka. Mtu ambaye hana uhakika atakaa kwenye nyumba kwa muda gani hanunui rangi ya nje ya kudumu miaka mingi. Muuzaji asipolifahamu hili atapeleka Dzaleka bidhaa ya Lilongwe, halafu alalamike kwamba biashara ni mbaya.

Nje: anza na udongo

Udongo wa uwanda wa Lilongwe kwa sehemu kubwa ni mwekundu. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huanguka chini na kurusha matope ukutani. Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo hubeba vumbi la rangi ileile. Ukuta mweupe tupu hubadilika sehemu ya chini katika msimu wa kwanza wa mvua, na kuusugua huondoa rangi pamoja na tope.

Wanakijiji wana jibu la zamani: sehemu ya chini ya ukuta hupakwa mkanda mweusi au wa udongo, na juu yake rangi nyepesi. Jibu hilo bado ni sahihi hata kwa rangi za kiwandani. Mkanda wa sentimita 60 kutoka chini unatosha nyumba nyingi. Rangi zake ziwe damu ya mzee, ugoro, kijivu kizito au nyeusi. Juu yake zifae rangi ya maziwa, krimu, rangi ya mchanga au kijivu chepesi.

Rangi zinazofanana na udongo zina faida nyingine. Wekundu wa udongo wa Mitundu unatokana na oksidi za chuma, yaani kutu. Viwanda vya rangi hutumia oksidi hizohizo kutengeneza damu ya mzee, kahawia na manjano ya udongo. Haziathiriwi sana na jua wala na ukali wa saruji. Kwa upande mwingine, pinki, zambarau, nyekundu ya kung'aa na baadhi ya bluu hutengenezwa mara nyingi kwa vikolezo vinavyopauka haraka vikipigwa na jua.

Nje: kisha jua

Lilongwe iko takriban nyuzi 14 kusini mwa ikweta. Kuanzia Februari hadi Novemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini ndio unaopigwa na jua siku nyingi za mwaka, na ukuta wa magharibi ndio unaopokea joto la alasiri. Mwenye nyumba anayetaka rangi kali kwa ajili ya urembo aiweke upande wa kusini, mlangoni au chini ya baraza, siyo kwenye kuta hizo mbili.

Rangi nyepesi hupunguza joto pia. Rangi nyeupe mpya hurudisha sehemu kubwa ya nguvu ya jua, wakati nyeusi hufyonza karibu yote. Tofauti hiyo inaonekana zaidi kwenye bati kuliko ukutani. Mwenye fedha kidogo akitaka kupunguza joto ndani, bati lililopakwa rangi nyeupe ya bati humsaidia zaidi ya ukuta wa nje uliobadilishwa rangi.

Kwa fundi anayetoka pwani kuna tahadhari. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa adui wa ukuta ni chumvi na ukungu. Lilongwe, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, adui ni vumbi, matope na jua kali la kiangazi. Nyeupe inayopendeza Kariakoo inaweza kuonekana chafu Mitundu ndani ya miezi sita.

Ndani: mwanga kwanza

Ndani ya nyumba swali la kwanza ni mwanga. Kila rangi hurudisha kiasi fulani cha mwanga, na watengenezaji wengi hukiandika kwa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 0 ni nyeusi kabisa na 100 ni nyeupe kabisa. Nyeupe nzuri hupita 80. Krimu na maziwa huwa karibu 70 hadi 80. Bluu ya wastani na kijani cha majani hushuka mara nyingi chini ya 30.

Katika chumba cha Dzaleka chenye dirisha dogo moja na taa moja ya sola, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto ataweza kusoma jioni. Rangi inayofaa ni nyeupe au maziwa kwenye kuta, na dari nyeupe isiyong'aa kama dari ipo. Anayependa bluu au kijani aiweke kwenye ukuta mmoja tu, ule wenye dirisha, kwa sababu ukuta huo haupokei mwanga wa dirisha moja kwa moja.

Jiko ni jambo jingine. Moshi wa mkaa na kuni hutia weusi ukuta wowote. Nyeupe huonyesha kila doa, na rangi nzito hukifanya chumba kuwa giza. Krimu au mchanga ya kuoshwa, yenye mng'ao kidogo, ndiyo njia ya kati. Kwenye ujia na pembeni mwa milango, mahali mikono ya watoto inapofika, mkanda wa rangi ya kuoshwa hadi urefu wa mita 1.2 huokoa gharama ya kurudia chumba kizima.

Vyumba vya kupangisha vya Lilongwe vifuate kanuni moja: rangi moja ya kuta kwa nyumba nzima, nyeupe kwa dari, na rangi moja ya mafuta kwa milango na madirisha. Mpangaji akihama, ndoo moja hurekebisha vyumba vyote.

Ukuta wenyewe una neno

Rangi nzuri kwenye ukuta usioifaa ni hasara. Matofali mabichi, kama yale ya nyumba nyingi za Dzaleka, huvuta na kutoa unyevu. Yakipakwa rangi ya mafuta unyevu hunaswa ndani, na rangi hubanduka kama ganda. Kwa kuta hizo chokaa ni chaguo la busara: ni nyeupe, hurudisha mwanga, huacha ukuta upumue na bei yake ni ndogo. Malawi ina mawe ya chokaa katika vilima vya Chenkumbi, wilayani Balaka, kwa hiyo si lazima bidhaa hii ivuke mpaka. Chokaa huunguza macho na ngozi. Anayeichanganya avae miwani na glovu, na watoto wakae mbali.

Lipu mpya ya saruji iachwe ikauke takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi. Ikipakwa mapema, ukali wa saruji hula baadhi ya bluu na pinki na kuacha madoa meupe. Wengi humlaumu muuzaji kwa kosa ambalo ni la haraka ya fundi.

Rangi kali, watoto na madini ya risasi

Baadhi ya rangi za mafuta huongezwa misombo ya madini ya risasi ili ziwe na mng'ao mkali au zikauke haraka. Hatari kubwa iko kwenye njano, chungwa, nyekundu na kijani cha kung'aa, maana kikolezo cha kale cha rangi hizo ni kromati ya risasi. Rangi za maji kwa kawaida hazina tatizo hilo kwa kiwango kikubwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayelamba vidole vyenye vumbi la rangi huathirika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa kila sehemu milioni za rangi. Mwaka 2021 shirika la LEEP lilipima rangi zilizokuwa zikiuzwa Malawi na kukuta baadhi ya rangi za mafuta zimepita kiwango hicho. Baada ya hapo Shirika la Viwango la Malawi, MBS, lilianza kuifuatilia bidhaa hii kwa karibu zaidi.

Kwa mfanyabiashara maana yake ni mbili. Kwanza, adai kwa mtengenezaji cheti cha maabara kinachoonyesha kiwango cha risasi kabla ya kulipa, hasa kwa njano na nyekundu za mafuta. Pili, asishauri rangi hizo kwa vitanda vya watoto, milango ya ndani au madawati ya shule kama cheti hakipo. Mzigo unaozuiliwa mpakani ni hasara ya siku, lakini jina la duka likihusishwa na sumu halisafishiki.

Fundi anayekwangua rangi ya zamani ya mafuta alowanishe ukuta kwanza badala ya kuusugua kwa msasa mkavu, na wenye nyumba watoke na watoto wao.

Hesabu ya ndoo

Lita moja ya rangi ya maji hufunika kwa kawaida mita za mraba 8 hadi 12 kwa mara moja kwenye lipu laini. Kwenye matofali ya kuchoma yasiyo na lipu hushuka hadi karibu 6.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6 yenye kuta za urefu wa mita 2.5. Mzunguko wake ni mita 28, na eneo la kuta ni mita za mraba 70. Ukitoa milango na madirisha ya mita za mraba 8 zinabaki 62. Mkanda wa chini wa sentimita 60 unachukua karibu 17, na juu yake zinabaki 45. Kwa kupaka mara mbili kwenye matofali, sehemu ya juu inahitaji lita 15 na mkanda unahitaji karibu lita 6.

Kwa hiyo nyumba hiyo inataka ndoo moja ya lita 20 ya rangi nyepesi na galoni mbili za lita 4 za rangi nzito. Uwiano huo ndio mwongozo wa shehena ya Mitundu: kwa kila ndoo ya krimu, galoni mbili za damu ya mzee au ugoro. Anayeleta ndoo nyingi za lita 20 za rangi nzito atalala nazo.

Njano na nyekundu za kung'aa hufunika vibaya. Mara nyingi huhitaji kupakwa mara tatu au nne. Mteja anayeuliza bei ya ndoo aambiwe pia idadi ya ndoo.

Rangi rahisi inaweza kuwa ghali

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ndoo ya bei nafuu ni kwacha 50,000 na hudumu miaka 2. Ndoo bora ni kwacha 80,000 na hudumu miaka 5. Fundi huchukua 30,000 kwa kila kazi. Rangi ya kwanza inamgharimu mwenye nyumba kwacha 40,000 kwa mwaka, ya pili 22,000. Kwa mwenye nyumba wa Mitundu anayejua atakaa hapo, ndoo bora ndiyo nafuu. Kwa mkimbizi asiyejua mwaka ujao atakuwa wapi, chokaa nje na rangi ya maji ndani ni uamuzi wa akili, wala asichekwe.

Ubora hupimwa kirahisi. Paka rangi kwenye kadi yenye mistari myeusi na myeupe: kama mistari inaonekana baada ya kupaka mara mbili, rangi ina chaki nyingi. Ikikauka ipitishe kiganja: unga mwingi mkononi ni dalili hiyohiyo.

"Krimu" ipi?

Ugomvi mwingi wa mpakani unaanzia kwenye jina. Krimu ya kiwanda cha Dar es Salaam si krimu ya Blantyre, na ya Afrika Kusini ni nyingine. Picha ya simu nayo hudanganya, kwa sababu kila kioo kina rangi zake. Agizo liandikwe kwa namba ya rangi ya mtengenezaji, au namba ya mfumo unaotambulika kama RAL au BS 4800. Bila namba, tuma kipande cha ubao kilichopakwa.

Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye ndoo nayo iangaliwe. Ndoo mbili za jina moja lakini matoleo tofauti zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Fundi mzuri huchanganya ndoo zote za kazi moja kwenye chombo kikubwa kabla ya kuanza.

Anayeuza Mitundu ajifunze maneno ya Kichewa: choyera ni nyeupe, chakuda nyeusi, chofiira nyekundu, chobiriwira kijani, chachikasu njano. Hata hivyo mteja aoneshe kwa kidole kwenye sampuli, maana neno moja la rangi hubeba aina nyingi.

Kupakia na kuvuka

Ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji ina uzito wa karibu kilo 26 hadi 30. Ndoo 1,000 ni karibu tani 28, kwa hiyo lori hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi. Rangi za maji ziko chini ya namba ya forodha 3209, na zile za mafuta 3208. Rangi za mafuta huweza kuwaka na husafirishwa kwa namba ya hatari UN 1263. Zisichanganywe na vyakula, na dereva awe na kizima moto.

Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, kwa hiyo rangi iliyotengenezwa Tanzania husafiri na cheti cha asili cha SADC. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo cheti cha COMESA hakiifai. Kinafaa kwa rangi ya Kenya au Zambia. Rangi ya Dubai au China iliyopitia bandari ya Dar es Salaam haipati nafuu hizo kwa sababu tu imepita hapo.

Fedha ya Malawi nayo iangaliwe. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa dola kutoka 1,180 hadi 1,700. Ndoo ya dola 30 iliyokuwa sawa na kwacha 35,400 ikawa 51,000 kwa usiku mmoja. Aliyekuwa na stoo ya rangi kumi na mbili zisizotembea hakupata fedha ya kununua mzigo mpya. Aliyekuwa na nyeupe na krimu aliweza kuuza na kununua tena.

Kwa ufupi

Kwa nje, Mitundu na Lilongwe: krimu, maziwa, mchanga au kijivu chepesi juu, na mkanda wa damu ya mzee, ugoro au kijivu kizito chini.

Kwa ndani: nyeupe au maziwa kwenye vyumba, krimu ya kuoshwa jikoni, nyeupe isiyong'aa kwenye dari.

Kwa Dzaleka: chokaa kwenye matofali mabichi, na rangi ya maji kwa makopo madogo, siyo ndoo kubwa.

Kwa stoo: nyeupe kwa wingi, krimu ya pili, rangi nzito kwa galoni, na vikolezo vya kuchanganya rangi nyingine mteja anapozitaka.

Kwa kalenda: mzigo uwe umefika kabla ya mwisho wa Aprili. Novemba mvua zikianza, ukuta wa nje haupakwi tena, na fedha ya tumbaku imekwisha kutumika.